Kiswahili Kina Maneno, Kinachokosa ni Mkupuo

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili hapa kisiwani Mombasa. Mada niliyopewa ilikuwa ile ile ambayo nimeihubiri kwa zaidi ya miaka kumi: kwamba Kiswahili ni lugha kamili, kwamba kinaweza kubeba taaluma yoyote, na kwamba anayedai hakiiwezi sayansi anakionea. Nilisema kwa madaha. Wanafunzi walipiga makofi, walimu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nami nikaketi nikijipangusa jasho na kudhani kazi imekwisha.

Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma aliponyosha mkono. Alikuwa ameandaa mradi wa fizikia kuhusu kebo za baharini zinazotuletea intaneti, na katika kusoma kwake alikuwa amekutana na leza zinazotengenezwa kwa uzi mwembamba wa kioo. "Shikamoo, Mwalimu," alianza kwa adabu. "Ripoti yangu nimeiandika kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili sikujua pa kuanzia. Nakuomba utueleze, kwa Kiswahili kitupu, jinsi leza ya uzi inavyotoa mwanga wa muda mfupi mno, na jinsi leza mbili zinavyofanywa ziende pamoja."

Nilisimama. Nilianza na "mwanga", nikasogea hadi "mawimbi", nikakwama. Nikajikuta natamka neno la Kiingereza, kisha la pili, kisha sentensi nzima. Ukumbi ulicheka, wala si kwa ubaya, na mimi nilicheka nao kama acekavyo mtu aliyeteleza sokoni. Nikamwahidi yule binti kwamba nitamjibu kwa maandishi. Makala haya ndiyo jibu, ingawa limechelewa, na limenipitisha mahali ambapo sikutarajia kupita.

Ni vyema nieleze kwanza aibu yangu ilikuwa ya namna gani. Sikushindwa kwa kukosa maneno. Nilishindwa kwa sababu mbili: fizikia yenyewe sikuielewa, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mengi kiasi kwamba sikujua ni lipi wale watoto wangelipokea. Sababu ya kwanza niliitibu kwa kusoma na kwa kumsumbua mwenzangu wa idara ya fizikia. Ile ya pili ndiyo iliyonifanya niandike gazetini badala ya kutuma barua.

Tuanzie baharini. Mnamo Juni 2009 kebo ya TEAMS iliwasili Mombasa kutoka Fujairah, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. EASSy ilifuata mwaka 2010, LION2 mwaka 2012, na PEACE mwaka 2022. Ndani ya kila kebo mna nyuzi chache za kioo ambazo unene wake haupiti sana ule wa unywele wa kichwani. Habari husafiri humo kwa mwanga unaowaka na kuzimika. Kwa kasi ya alama bilioni 10 kwa sekunde, ambayo ilikuwa kasi ya kawaida ya kebo za miaka ile, kila alama hupewa nafasi ya pikosekunde 100 tu, yaani sehemu ya bilioni kumi ya sekunde. Mwanga ndani ya kioo huenda yapata kilomita laki mbili kwa sekunde. Basi piga hesabu uone kwamba alama moja, ikiwa njiani kutoka Fujairah, ina urefu wa sentimita mbili. Ni kama pingili moja ya kidole. Pingili hizo hufuatana kwa mabilioni chini ya bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa kungoja msimu ugeuke.

(Na babu hawajaondoka kabisa. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini iliangusha nanga, na nanga ikaikata kebo ya TEAMS. Chombo cha kale kuliko vyote baharini kilikikata kilicho kipya kuliko vyote.)

Kioo, hata kiwe safi vipi, hunywa mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba uchafu uliomo ndani ya kioo ndio unaoizuia nuru kwenda mbali, si kioo chenyewe, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Nyuzi za leo ni safi ajabu, lakini bado kila kilomita 15 nusu ya mwanga huwa imepotea. Baada ya kilomita mia moja hubaki asilimia moja tu. Kwa hiyo, njiani, kila baada ya makumi ya kilomita, huwekwa kituo cha kuupa mwanga nguvu mpya, na ndani ya kituo hicho mna kipande cha uzi wa kioo kilichotiwa chembe za madini yaitwayo erbiamu. Leza ndogo huzilisha chembe hizo nishati. Mwanga dhaifu unaotoka mbali ukipita humo, chembe huitoa nishati ile kwa kuufuatisha mwanga ule ule, rangi kwa rangi, hatua kwa hatua. Mbinu hii ilipatikana mwaka 1987, na Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ni miongoni mwa mahali ilikozaliwa.

Sasa chukua kipande hicho hicho cha uzi wenye erbiamu, ukikunje, ukiunganishe ncha kwa ncha na uzi wa kawaida hadi upate pete. Mwanga unaotoka upande mmoja wa kipande huzunguka na kurudi kuingia upande wa pili, huongezwa tena, huzunguka tena. Acha upenyo mdogo wa kuchotea sehemu yake, na hapo unayo leza ya uzi. Kumbe kile ambacho binti alikiuliza kama jambo la mbali ni ndugu wa tumbo moja na kile kilicholala nje ya mlango-bahari wa Mombasa.

Hapa ndipo jambo linapokuwa tamu. Chukua pete ya mita 10. Mwanga huizunguka mara milioni 20 kwa sekunde. Lakini si kila wimbi la mwanga linaloweza kudumu humo. Hudumu lile tu linalotoshea, yaani lile ambalo likimaliza mzunguko hurudi kileleni pale pale lilipoondokea kileleni. Yanayotoshea ni mengi: katika leza ya aina hii yanaweza kufika laki mbili, kila moja na rangi yake iliyoachana na ya jirani kwa kiasi kidogo mno. Yakiachwa hivi hivi, kila wimbi huenda kwa wakati wake. Kilele cha hili hukutana na bonde la lile, na kinachotoka ni mwanga hafifu unaotetemeka bila mpango. Yakipatanishwa ili vilele vyote laki mbili vikutane mahali pamoja kwa nukta moja, basi hapo, kwa muda mfupi usiowazika, hutokea mlipuko wa nuru. Kwingineko kote katika pete huwa ni giza.

Hilo ndilo nililoshindwa kulieleza. Na nilipokuwa bado nalitafutia jina, jioni moja niliteremka Ndia Kuu hadi karibu na Bandari ya Kale, nikamkuta mzee mmoja aliyekuwa nahodha, ameketi barazani. Nilimwamkia, nikaketi, tukaulizana hali za nyumbani. Kisha nikamuuliza: "Mzee wangu, mlipokuwa mkitweka foromali, mlifanyaje mikono ishirini ivute henza kwa wakati mmoja?"

Alinitazama kama anayejiuliza vyuo vikuu siku hizi vinasomesha nini. "Mwanangu," akasema, "kila mtu akivuta kwa wakati wake, foromali haipandi hata shubiri. Watu wachoka na tanga li papo hapo. Twalikuwa twaimba. Wimbo wenyewe ndio uwaambiao watu saa ya kuvuta. Nguvu yatoka kwa mkupuo mmoja, foromali yapanda yenyewe."

Kwa mkupuo mmoja! Neno hili nimelitumia tangu utoto na sikuwahi kulitazama usoni. Nilikuwa nimeandika katika daftari langu "mpigo", kwa kufuata mapigo ya moyo, na pembeni "mpwito", kwa kufuata jipu linavyopwita. Yote mawili ni maneno mazuri, lakini moyo hupiga na jipu hupwita pasipo kukusanya chochote. Mkupuo ni kukusanya nguvu ya wengi na kuitoa mara moja. Huo ndio mwanga wa leza hii. Wachukuzi wa pwani walioitana "harambee" kabla neno hilo halijapanda jukwaani mwaka 1963 walikuwa wakilijua somo hili kwa mabega yao.

Mkupuo wa leza una urefu gani? Pete kama hiyo yaweza kutoa mikupuo ya femtosekunde 100. Femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni, kisha kila kipande kikagawanywa mara milioni tena, kisha mara elfu moja tena. Katika femtosekunde 100 mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia zaidi ya mara saba, husogea chini ya nusu ya unene wa unywele. Na nguvu yake je? Tuseme leza inatoa kwa wastani sehemu ya mia moja ya wati, nguvu ambayo haitoshi hata kuwasha taa ndogo ya kusomea. Kwa kuwa yote imekusanywa katika nukta fupi kiasi hicho, kilele cha mkupuo hufika wati 5,000. Wala hakuna nishati yoyote iliyoongezwa. Ni ile ile, imepatanishwa tu.

Msomaji atauliza, katika pete ni nani anayeimba wimbo wa mabaharia? Mafundi hutumia njia kadhaa, na mojawapo ni kuweka njiani kitu kinachomeza mwanga hafifu na kuuachia mwanga mkali upite, mathalani mirija midogo mno ya kaboni. Mawimbi yaliyotawanyika hufika hapo yakiwa manyonge, humezwa. Yaliyokutana kwa bahati hufika yakiwa na nguvu kidogo, hupita, huongezwa na erbiamu, hurudi yakiwa na nguvu zaidi. Baada ya mizunguko mingi, ambayo kwetu sisi ni kufumba na kufumbua, mkupuo mmoja tu ndio uliobaki ukizunguka. Ni bawabu dhalimu huyo, humfukuza mnyonge na kumfungulia mwenye nguvu. Katika fizikia tunamstahimili.

Kuna tatizo dogo ambalo limenisumbua kuliko fizikia, nalo ni neno "kioo". Kwetu kioo ni kile cha dirishani, na kioo ni kile cha kujitazamia. Leza nyingi za kawaida zina vioo viwili vya kurudisha mwanga. Leza ya uzi imetengenezwa kwa kioo lakini, ikiwa ni pete, haihitaji kioo. Jaribu kulisema hilo darasani uone nyuso za wanafunzi. Mimi nimeamua kusema "kioo" kwa ile mali na "kioo cha kujitazamia" kwa ile ala, na najua neno la pili ni refu. Mwalimu mwenye fupi zaidi na anisaidie.

Nirudi kwenye maneno, ndiyo kazi niliyosomea. Watu hunitajia "femtosekunde" kama ushahidi kwamba sayansi imezaliwa katika lugha nyingine na haina budi kubaki huko. Je, wanajua "femto" limetoka wapi? Limetoka kwa Wadenmaki na Wanorwe: "femten" ni kumi na tano kwa lugha zao, idadi ya sifuri zilizoko chini ya kistari. Wazungumzaji wa lugha hizo mbili kwa pamoja hawafikii robo ya Wakenya. Na erbiamu? Kuna kijiji karibu na Stockholm, Uswidi, kiitwacho Ytterby, kilichokuwa na machimbo ya mawe. Madini manne yamepewa majina kutokana na kijiji hicho kimoja, miongoni mwao erbiamu na iterbiamu, na hayo mawili ndiyo yanayotumika zaidi katika leza za uzi. Kwa hiyo anayezungumzia leza ya uzi kwa Kiingereza anatamka tarakimu ya Kidenmaki na kitongoji cha Uswidi, wala haoni haya. Sisi nasi tulilichukua kutoka Uajemi neno "simu", ambalo kwao lilikuwa uzi wa madini, na leo twaiita simu hata ile isiyokuwa na uzi wowote. Lugha haikosi neno. Huchukua, hukata, huunga, huendelea.

Mji wa Kale wenyewe umewahi kuwa na fundi wa kazi hiyo. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kuishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017, ndiye aliyeshona "rununu" na "maninga" tukapata "runinga". Alikuwa akiuliza wavuvi, maseremala na wanawake wazee, akiamini kwamba neno limelala mahali fulani linangoja kuamshwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliona njia hiyo kuwa ya kishairi mno kwa mtu wa isimu. Baada ya kuketi barazani na yule nahodha naona nilikuwa mjinga.

Tatizo letu liko kwingine. Tazama mashine ile moja iliyo mezani pa kila ofisi: kuna wanaoiita kompyuta, kuna wanaoiita tarakilishi, kuna tarakishi, kuna ngamizi. Intaneti ina mtandao, ina wavuti, ina mdahalishi. Simu ya mfukoni ni ya mkononi, ni rununu, ni rukono, ni simutamba. Ile kebo ya baharini, Watanzania wameipa jina la "mkongo". Hapa kwetu ni kebo, na mafundi wanaochimba mitaro mjini huita "faiba", basi. Maneno hayo yote ni halali, na mengi ni mazuri. Lakini kila moja huenda kwa wakati wake, kilele cha hili katika bonde la lile, na kinachomfikia mwanafunzi ni mwanga hafifu unaotetemeka. Mtu husikia majina manne ya kitu kimoja akakimbilia la tano, la Kiingereza, kwa kuwa hilo angalau wote wanalijua. Nami nilifanya hivyo hivyo mbele ya ukumbi mzima.

Swali la pili la yule binti lilihusu leza mbili kwenda pamoja. Nalo lina mafunzo kuliko la kwanza.

Chukua pete mbili za mita 10, kila moja na mkupuo wake. Tunataka mikupuo yake itoke kwa nukta moja, milioni 20 kwa sekunde, bila hata mmoja kumtangulia mwenzake. Wazee wetu walikuwa na neno la hali hiyo: "sawia". Twasema watu waliingia sawia, yaani kwa wakati ule ule. Basi naliita jambo hili "usawia". (Wanaisimu wenzangu watanikumbusha kwamba tulikwisha kuchukua "sinkronia" kwa mambo yetu mengine. Nawajibu, bakini nalo.) Ugumu wake ni huu: pete moja ikiwa ndefu kuliko nyingine kwa upana wa unywele tu, katika sekunde moja mkupuo wa ile fupi utakuwa umetangulia kwa mizunguko mia moja au zaidi. Na urefu huo wa unywele hauhitaji kosa la fundi. Joto likipanda kwa digrii moja tu, kioo cha mita 10 huibadilisha njia ya mwanga kwa kiasi kama hicho. Fikiria basi leza mbili, moja chini ya kiyoyozi na nyingine katika chumba cha Mji wa Kale mwezi wa Machi!

Kuna njia mbili za kuleta usawia. Ya kwanza ni ya amri. Leza moja hufanywa kiongozi. Ya pili hupimwa dhidi yake wakati wote, na kipande cha uzi wake huzungushiwa fuwele inayovimba kwa umeme, ili kila ikichelewa au kuwahi, uzi uvutwe au ulegezwe kwa kiasi kidogo mno. Huko Hamburg, Ujerumani, kuna mtambo wa kutoa miali ya eksirei wenye urefu wa kilomita 3.4, na ala zake zilizotapakaa urefu wote huo hushikwa pamoja kwa mikupuo ya leza moja kiongozi inayotumwa kwenye nyuzi. Mkupuo hufika mwisho wa uzi, sehemu yake hurudishwa nyumbani, huulizwa umechukua muda gani, na uzi hurekebishwa. Kuamrisha bila kungoja jibu lirudi hakufai kitu.

Njia ya pili haina kiongozi. Pete mbili hupewa kipande kimoja cha uzi cha kushirikiana. Mikupuo inapopita humo kwa pamoja, kila mmoja huusukuma mwenzake kidogo na kuibadilisha rangi yake kidogo. Na kwa kuwa ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake, aliyechelewa huharakishwa, na aliyewahi huzuiliwa. Baada ya muda zinakwenda sawia zenyewe, alimradi tofauti ya urefu wao haikuwa kubwa tangu mwanzo.

Kiswahili kimewahi kujaribiwa kwa njia ya kwanza, na mahali palikuwa hapa hapa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kitajengwa juu ya Kiunguja, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kusimamia vitabu na tahajia. Kimvita, lugha ya mji uliouandaa mkutano, kilishindwa nyumbani kwake. Mimi ni Mmvita, na sitaficha kwamba jambo hilo linanichoma hadi leo; barabara yetu bado ni Ndia Kuu, wala hakuna aliyethubutu kuiandika Njia Kuu. Hata hivyo nakiri kwamba amri ile ilifanya kazi. Kama isingekuwa hiyo, mwanafunzi wa Mombasa na wa Mwanza wasingesoma kitabu kimoja. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa amri isiyongoja jibu: waliosema lugha hii majumbani hawakuulizwa neno limewafikiaje.

Leo tuna BAKITA tangu mwaka 1967, na tuna Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar. Nawaheshimu, na baadhi yao ni marafiki zangu. Lakini orodha ya istilahi ikitoka kwenye afisi ikalala kwenye kabati ya mkuu wa shule, huo ni mkupuo uliotumwa bila kurudi. Ninachokipendekeza ni kipande cha uzi cha kushirikiana. Walimu wa fizikia na walimu wa Kiswahili wa Mombasa, Tanga na Unguja hawako mbali. Tofauti za urefu wa pete zao ni ndogo kuliko tunavyojifanya. Waandike ukurasa mmoja kila mwezi kuhusu jambo moja la sayansi, wabadilishane, wanafunzi wa mji mmoja wasome ulioandikwa na wa mji mwingine na kuuweka alama pale walipokwama. Neno litakalokwamisha miji miwili kati ya mitatu liondoke. Baada ya hapo Kamisheni ipelekewe lililobaki, ilipige muhuri.

Mwenzangu wa fizikia aliposoma rasimu ya maneno haya alinipinga, na pingamizi yake ina uzito. Mtihani, alisema, ni wa Kiingereza. Mwanafunzi ana masomo mengi na saa chache. Kwa nini abebeshwe mzigo mara mbili? Sina jibu la kumnyamazisha. Ninalo jambo moja tu la kumwambia: mimi mwenyewe, nilipokuwa nasoma kwa Kiingereza, niliweza kunakili sentensi nzima kuhusu mawimbi yanayopatanishwa na kudhani nimeelewa. Ni pale nilipolazimika kumweleza nahodha, ambaye Kiingereza chake ni cha bandarini tu, ndipo nilipogundua kwamba sijui kwa nini vilele vikikutana giza hutanda kwingineko. Ilinibidi nirudi vitabuni. Nahodha alikuwa amenifanyia mtihani mgumu kuliko wowote wa chuo.

Wala si mambo ya anasa haya. Kwa mikupuo ya femtosekunde Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, alizitazama atomu zikiachana na kushikana, akapata Nobel ya kemia mwaka 1999. Donna Strickland alishirikiana na Gérard Mourou kutafuta njia ya kuurefusha mkupuo, kuuongeza nguvu, kisha kuufupisha tena usije ukaivunja ala yenyewe. Wakatuzwa mwaka 2018, na leo madaktari wa macho huukata utando wa jicho kwa mikupuo ya namna hiyo. Anne L'Huillier, pamoja na wenzake wawili, alituzwa mwaka 2023 kwa mikupuo mifupi zaidi ya hiyo. Nawataja wanawake hawa wawili kwa kusudi, maana aliyeniuliza alikuwa binti.

Jibu langu nilimpelekea kupitia kwa mwalimu wake, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Wiki tatu baadaye mwalimu aliniandikia. Darasa limegawanyika, alisema: wanaotoka Mji wa Kale wamelipokea neno "mkupuo", wanaovuka feri kutoka Likoni wanashikilia "mpigo", na binti mwenyewe anadai kwamba kwao mkupuo ni kumeza dawa yote mara moja, kwa hiyo neno langu linamchekesha. Aliniomba nitoe uamuzi.

Sikutoa. Niliwaomba waziandike upya kurasa zile kwa maneno yao, wazipeleke kwa shule moja ya Tanga, na wawaulize wenzao huko wanasemaje. Barua imekwenda. Majibu bado hayajarudi.